Mahali pa kufunga vipokezi vya mita pachaguliwe kwa miguu, si kwa ramani peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo linalowagusa wateja wa maji na umeme, hasa sasa ambapo mita zinazojisoma zenyewe na mita za malipo ya kabla zinaendelea kuenea mijini. Mita yenyewe imeshazungumzwa sana. Kisichozungumzwa ni kile kisanduku chenye antena kinachofungwa juu ya nguzo, tangi au paa, ambacho hupokea taarifa za mamia au maelfu ya mita na kuzipeleka ofisini kwa laini ya simu. Sisi tunakiita kipokezi. Kikikaa mahali pabaya, mita nzuri ya bei kubwa haisikiki, bili inarudi kuwa ya kukadiria, na mteja wa malipo ya kabla ananunua maji lakini valvu haifunguki.

Kazi ya kuchagua mahali pa kipokezi mara nyingi inamalizwa ofisini, kwenye kompyuta. Mshauri anachukua ramani ya mji, anachora duara la kilometa mbili au tatu kuzunguka kila tangi, maduara yakigusana anahesabu kazi imekwisha. Kwa mji ulio tambarare na wenye nyumba fupi hesabu hiyo inaweza kukaribia ukweli. Kwa mji kama Mwanza haikaribii hata kidogo.

Programu nyingi za kukisia mawimbi hutumia data ya mwinuko wa ardhi iliyokusanywa kutoka angani na Wamarekani mwezi Februari 2000. Kila nukta ya data hiyo inawakilisha kipande cha ardhi chenye upana wa meta 30 hivi. Jiwe la Mwanza lenye kimo cha nyumba ya ghorofa tatu linaweza kumezwa lote ndani ya kipande hicho, na kompyuta ikaona mteremko laini. Nyumba zilizopanda mlimani baada ya mwaka 2000, kama zilivyopanda Mabatini, Igogo na Isamilo, hazimo kabisa. Kwa hiyo rangi ya kijani kwenye ramani ya mshauri ni makisio ya kuanzia tu, na mkandarasi asilipwe kwa makisio.

Mawimbi ya redio hayapiti kama uzi ulionyooshwa kati ya antena mbili. Yanahitaji uwazi unaotanuka katikati ya safari. Mita nyingi za aina hii zinatumia masafa ya karibu na megahezi 868. Kwa masafa hayo, umbali wa kilometa moja unahitaji uwazi wa meta 9 hivi kila upande wa mstari pale katikati. Kwa kilometa mbili ni meta 13. Angalau asilimia 60 ya uwazi huo isizibwe na kitu, yaani meta 5 na nusu kwa kilometa moja na meta 8 kwa kilometa mbili. Ndiyo maana fundi anaweza kusimama kwenye kipokezi akaiona nyumba ya mteja kwa macho, na bado mita isisikike vizuri: jicho limepita juu ya mabati, mawimbi yamekwaruza paa za nyumba thelathini.

Halafu kuna chemba. Mita ya maji haiko juu ya paa, iko shimoni, pengine chini ya mfuniko wa chuma, pengine shimo limejaa maji. Mfuniko wa chuma peke yake huweza kula desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu ya mawimbi). Kwa asiyezoea hesabu hizi: umbali ukiongezeka mara mbili kwenye uwazi mtupu, unapoteza desibeli 6, ukiongezeka mara kumi, unapoteza 20. Maana yake mfuniko mmoja wa chuma unaweza kuigeuza mita iliyo umbali wa meta 300 ikasikika kama iliyo kilometa 3. Mfuniko wa plastiki ngumu au wa zege jembamba unasaidia sana, na hauibwi kwenda kuuzwa chuma chakavu. Kama mfuniko wa chuma lazima ubaki, kwa mfano barabarani panapopita magari, antena ya mita itolewe na kukaa kwenye tundu la mfuniko. Jambo hili lipangwe pamoja na mahali pa kipokezi. Kuliacha hadi malalamiko yaanze ni kulipia kazi mara mbili.

Kosa tunaloliona zaidi ya mengine yote ni kupenda kilima kirefu kuliko vyote. Inaonekana ni busara: ukiwa juu unaona mji mzima. Lakini antena ya kuzunguka, yaani inayohudumia pande zote, yenye nguvu ya desibeli 8 haiongezi nguvu kutoka popote. Inachukua mawimbi ya juu na ya chini na kuyabana yaende mbele. Mwale wake una unene wa nyuzi 15 hivi kwa jumla, saba na nusu juu ya upeo na saba na nusu chini yake. Iweke kwenye kilima kilichozidi nyumba kwa meta 100, na kila nyumba iliyo ndani ya meta 750 hivi kutoka chini ya antena inabaki nje ya mwale. Wateja wanaoishi chini ya kilima, wanaokiona kipokezi kila asubuhi, ndio wasiosomeka. Mahali kama hapo panahitaji antena ya desibeli 3 hadi 5 ambayo mwale wake ni mnene, au antena ya upande inayoinamishwa kuelekea mtaa. Mara nyingi dawa bora zaidi ni kushuka: vipokezi viwili kwenye mabega ya kilima vinashinda kimoja cha kileleni.

Kilele kina shida nyingine mbili. Ya kwanza, minara ya simu iko hukohuko. Minara hiyo hurusha kwenye megahezi 800 na 900, pande zote mbili za masafa ya mita, na kwa nguvu nyingi mno kulinganisha na mita inayorusha miliwati 25. Kipokezi kinazibwa masikio na jirani yake. Kama hakuna mahali pengine, kifungwe kichujio kizuri cha masafa kati ya antena na kipokezi, na antena zitenganishwe kwa wima, meta 2 hadi 3 au zaidi, kwa sababu kutenganisha kwa wima kunapunguza kelele kuliko kutenganisha kwa ulalo. Ya pili, laini ya simu ya kipokezi chenyewe. Kileleni simu inaonyesha vijiti vyote, lakini inasikia minara kumi kwa pamoja na kurukaruka kati yake. Fundi asiangalie vijiti. Apime nguvu ya mnara wa 4G, iwe bora kuliko hasi 100 (dBm, kipimo kinachoonyeshwa na kifaa), na apime pia uwiano wa mawimbi na kelele, uwe juu ya desibeli 5. Apime mitandao yote iliyopo, na arudie kupima kati ya saa 1 na saa 4 usiku watu wanapokuwa kwenye simu zao. Kipokezi chenye laini mbili za kampuni tofauti kinagharimu kidogo zaidi lakini kinapunguza safari za kupanda mlima.

Tangi la maji ni mahali pazuri, kwa sababu ni mali ya mamlaka, lina uzio, na mara nyingi liko juu. Tatizo ni jinsi linavyotumika. Tumeona kipokezi kimefungwa ubavuni mwa tangi, meta 2 kutoka chini, ili fundi asitumie ngazi ndefu. Tangi la chuma au la zege lililojaa maji ni ukuta. Nusu nzima ya mji iliyo nyuma yake imetupwa. Antena ipande juu ya ukingo wa tangi, juu ya matusi, ikiwa wima kabisa, na isiwe chini ya meta moja kutoka mlingoti wa chuma unaoizidi urefu. Kisanduku chenyewe kisogezwe karibu na antena. Kebo nyembamba ya antena ya meta 10 inapoteza desibeli 5 hivi kwa masafa haya, ambazo ni zaidi ya theluthi mbili za nguvu yote. Kebo nene ya urefu huohuo inapoteza moja na kidogo. Ni afadhali kurefusha waya wa mtandao unaobeba pia umeme, ambao unafika hadi meta 100, kuliko kurefusha kebo ya antena.

Nguzo za umeme nazo zinavutia, ziko kila mtaa na umeme uko palepale. Hapa tunasema wazi: kipokezi kisifungwe kwenye nguzo yenye transfoma, wala nguzo ya kilovolti 11 au 33, na hakuna fundi wa maji au wa mawasiliano anayepaswa kuipanda nguzo ya umeme bila kibali cha maandishi na mafundi wa shirika la umeme wakiwepo. Nguzo ya laini ndogo inayokwenda majumbani inafaa, antena ikikaa chini ya nyaya kwa nafasi ambayo shirika limeelekeza. Nguzo ya mti iliyooza shinani igongwe na kuchunguzwa kabla. Nguzo iliyo ukingoni mwa barabara iangaliwe pia hifadhi ya barabara: kwa barabara kuu sheria ya mwaka 2007 inachukua meta 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga mlingoti humo bila kuzungumza na TANROADS, au na TARURA kwa barabara za mitaa, siku upanuzi unapokuja utaung'oa kwa gharama zako na mtaa mzima utanyamaza. Karibu na uwanja wa ndege, kimo cha mlingoti kinahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Umeme wa kipokezi ni jambo dogo kwa kiasi na kubwa kwa madhara. Kipokezi cha wati 6 kinatumia uniti 4 na kidogo kwa mwezi. Kwa sababu ni kidogo, mkandarasi anaomba soketi kwenye duka au nyumba ya mtu. LUKU ya nyumba hiyo, yaani umeme wa malipo ya kabla, ikiisha Ijumaa usiku, kipokezi kinazimika, na majirani mia tano walionunua maji Jumamosi hawapati. Mkataba uwe wa maandishi, uonyeshe nani analipa, na kipokezi kiwe na betri ya kukishikilia angalau saa 24. Hata shule, kituo cha afya, msikiti au kanisa, ambako kwa kawaida watu hupokea kazi kama hii kwa moyo mzuri, kamati ipewe karatasi iliyosainiwa mbele ya Mtendaji wa Mtaa, yenye muda usiopungua miaka kumi na haki ya fundi kuingia wakati wowote. Viongozi hubadilika, na ahadi ya mdomo huondoka nao.

Palipo na sola, hesabu ifanywe kwa siku mbaya. Wati 6 kwa saa 24 ni watisaa 144 kwa siku. Siku tatu za mawingu ni 432. Betri ya risasi isitumike zaidi ya nusu yake, hivyo inahitajika ya volti 12 yenye saa-ampea 75 hadi 100. Ya lithiamu inatosha ya 50. Paneli ya wati 50 inaonekana inatosha kwa hesabu ya kila siku, lakini haina cha ziada cha kujaza betri iliyoishiwa baada ya mvua. Iwekwe ya wati 100. Ielekee kaskazini na iinamishwe nyuzi 10 hadi 15. Kwa Mwanza jua liko karibu juu ya kichwa, paneli ingeweza kulala kabisa, ila ikilala vumbi na kinyesi cha makorongo havioshwi na mvua. Iwe juu ya meta 5 na bolti zake zisifunguke kwa spana ya kawaida. Kivuli cha tawi moja kinaweza kuangusha uzalishaji wa paneli nzima, kwa hiyo fundi aangalie jua saa 3 asubuhi na saa 10 jioni, asiangalie saa 6 mchana peke yake.

Miti yenyewe inastahili uangalifu. Upimaji mwingi unafanyika kiangazi, barabara zikipitika. Kule Dodoma na Singida mbuyu wakati huo hauna jani hata moja. Mvua zinapokuja, majani yanarudi yakiwa yamelowa, na njia iliyopimwa vizuri inaziba. Mwembe mchanga ulio mbele ya antena upimwe kwa kimo utakachokuwa nacho baada ya miaka mitano.

Radi sasa. Kanda ya Ziwa inapigwa na ngurumo kuliko sehemu nyingi za nchi, na kipokezi ni chuma kilichosimamishwa mahali pa juu. Kila antena iwe ndani ya kivuli cha fimbo ya radi, nyuzi 45 kutoka ncha yake, na kizuia radi kifungwe kwenye kebo ya antena na kwenye waya wa mtandao pia, huu wa pili ndio husahauliwa. Vyote vifungwe kwenye ethi moja, yaani waya unaopeleka umeme wa radi ardhini, pamoja na chuma cha tangi. Ethi ipimwe kwa kifaa na iwe chini ya omu 10. Juu ya mwamba fimbo ya shaba haiingii, na tumekuta fimbo zimekatwa zikabaki sentimeta 40 na kuzikwa kwa simenti ili zionekane zimekamilika. Kwenye jiwe, chimba mtaro pale penye udongo, kina cha sentimeta 60 au zaidi, laza utepe wa shaba wa meta 20 hadi 30, ufunike kwa udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu. Chumvi na mkaa wanaopenda kumwaga baadhi ya mafundi vinashusha kipimo kwa msimu mmoja. Mvua inaosha chumvi, na kilichobaki kinakula shaba. Bomba la maji lisitumike kama ethi, kwa sababu mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki. Eneo ambalo ethi haipatikani ni eneo baya, hata kama mawimbi yake ni mazuri, na tunaona liachwe.

Pwani adui ni chumvi ya hewani. Klampu na bolti za chuma zilizopakwa rangi tu huanza kutu mapema sana. Zitumike zilizochovywa zinki ya moto au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Na kote nchini, matundu ya kebo yawe chini ya kisanduku, kebo ipinde kwenda chini kabla ya kuingia ili maji yadondoke nje, na kila tundu lizibwe. Tundu la kidole gumba lililoachwa wazi linakaribisha nyuki, na nyuki juu ya mlingoti wa meta 12 wanaweza kumuua fundi.

Upimaji wa kweli si mgumu. Kwa kila kipokezi kinachohitajika, chagueni mahali patatu kwenye ramani. Nendeni na mlingoti wa kukunjua wa meta 6 na kipokezi cha majaribio kwenye betri. Msipime kutoka nyumba nzuri. Tafuteni mita kumi mbaya kuliko zote katika eneo hilo: ya bondeni, ya nyuma ya jiwe, ya uchochoroni kati ya kuta mbili, ya chemba yenye mfuniko wa chuma. Wekeni kifaa cha kurusha ndani ya chemba, mfuniko ufungwe, kirushe mara 50. Zikifika pungufu ya 45, mahali hapo hapafai kwa mita hiyo. Andikeni pia nguvu iliyopokelewa, na ibaki akiba ya desibeli 10 kwa ajili ya mvua, maji shimoni na ghorofa itakayojengwa kesho. Jaribuni njia ya kurudi, kutoka kipokezi kwenda mita, kwa sababu amri ya kufungua valvu hupita huko. Kila mita isikike na vipokezi viwili, ili kimoja kikizimika mtaa usikatike.

Kuna anayeuliza kwa nini tunahangaika na mita inayosikika kwa shida ilhali inasikika. Mita isiyosikika vizuri hujirekebisha kwa kurusha polepole, na ujumbe uleule unakaa hewani zaidi ya mara ishirini. Betri yake, iliyoahidiwa kudumu miaka kumi au zaidi, inaisha kabla ya muda wake, na nyingi ya betri hizo zimezibwa ndani. Ikiisha, inanunuliwa mita mpya. Tena ujumbe unaokaa hewani muda mrefu unagongana na wa jirani, hivyo mita mbovu chache zinachafua mtaa.

Wananchi wakihofia mionzi wajibiwe kwa heshima na kwa tarakimu. Mita inarusha miliwati 25 kwa muda mfupi mara chache kwa siku, wakati simu ya mkononi ya GSM huweza kufikia wati 2 ikiwa sikioni. Anayetaka kipimo huru, Tume ya Nguvu za Atomiki hufanya kazi hiyo. Kinachokera watu zaidi, na wana haki, ni kuamka na kukuta mlingoti mtaani bila mkutano wa mtaa kuambiwa lolote.

Ombi letu kwa Wizara ya Maji, kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na kwa wanaoandika zabuni ni moja. Mkandarasi anayelipwa kwa idadi ya vipokezi atavifunga panapofikika kwa gari. Basi sehemu ya malipo, tuseme asilimia 30, ishikiliwe hadi mita 98 kati ya kila 100 zisomeke kila siku kwa siku 30 mfululizo, na angalau wiki moja ya hizo iwe ndani ya masika. Taarifa ya upimaji, ikiwa na picha, vipimo vya zile mita kumi mbaya na kipimo cha ethi, iwe sehemu ya mkataba, na nakala ibaki ofisi ya mtaa. Kila kisanduku kiandikwe namba yake na simu ya kupigiwa kwa herufi zinazosomeka kutoka chini, maana taa yake ikizimika wa kwanza kuiona ni jirani.

Mafundi wa mawasiliano ya mita,
Mwanza